Pilipili Kumi na Mbili kwa Baba Mkwe

Tunduma, Jumapili, 5 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Asubuhi nilikusikia ukikohoa mara chache kuliko juzi, nikashukuru, maana baridi hii ya Mei haina adabu. Mimi mzima. Felix alipiga simu Alhamisi, lori lake bado liko kwenye foleni ya Kasumbalesa na hajui atavuka lini kuingia Kongo. Anakusalimia.

Baba, najua kwenu Wandali mke wa mtoto haonani na baba mkwe, wala hawasemeshani. Miezi minne tumeishi hivyo tangu Felix akulete baada ya msiba wa Mama. Nagonga mlango wako mara mbili, naacha kikapu kwenye kigoda, narudi jikoni najifungia, ndipo unafungua. Sijui kama karatasi nayo imekatazwa. Felix hapatikani nimwulize. Kama nimekosea, ichome, halafu unisamehe.

Lakini leo hotipoti imerudi na kuku wote. Nimefungua mfuniko nikakuta hata firigisi ipo. Ugali umemegwa pembeni kidogo tu. Kwa mama yangu Ihanda, mzee akirudisha firigisi, mwenye kupika anaanza kukunja nguo zake, maana amekataliwa. Sijui kwenu Kafule ina maana gani. Niambie kosa langu. Nimekaa jikoni na hotipoti, sijala.

Mkweo,
Ketrina


Tunduma, siku hiyo hiyo, saa kumi jioni

Mkwe wangu Ketrina,

Marahaba. Kifua changu ni kizima kuliko ulimi wangu, utaelewa ukisoma. Felix nimezipokea salamu zake, ingawa angeweza kunipigia mwenyewe; kidole ni chake.

Karatasi haijakatazwa. Waliotunga mila hii hawakujua kusoma, kwa hiyo hawakuikataza, nami sitawasaidia kuikataza. Na karatasi ni afadhali kuliko simu. Simu ni ya kuulizia sukari imebaki kiasi gani.

Sasa kuhusu kuku. Kwa miaka thelathini na moja ya ualimu nimegombana na wakaguzi, na kamati za shule, na wachungaji wawili, na ofisi ya kiinua mgongo iliyonizungusha hadi nikawaandikia barua kumi na tisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitoa chozi. Kuku wako ameniliza kwa tonge la kwanza. Tonge la pili nilikosa pumzi nikashika ukuta. Nikanywa maji kikombe baada ya kikombe, jambo la kijinga kwa mtu aliyesoma, maana maji hayazimi pilipili, yanaitembeza tu mdomo mzima.

Firigisi sikuirudisha kwa dharau. Niliirudisha kwa sababu ilikuwa imelala kwenye mchuzi ule ule. Usikunje nguo.

Lakini nieleweke. Mimi ni mtu wa pilipili. Uliza Kafule yote. Marehemu mama yenu alitia pilipili kwenye kila chungu kwa miaka thelathini na nne, na mimi nilikuwa naisikia harufu yake kabla sijafunua. Nikikuta haimo, narudisha sahani. Kwa hiyo tatizo si mimi. Tatizo ni hiyo pilipili yako. Nina hakika imevuka mpaka. Kila kitu katika mji huu kimevuka mpaka, na kilichovuka hakijulikani kimelimwa wapi.

Nijibu ulitia ngapi, na umezinunua kwa nani. Na wewe kula kitu, usikae na njaa.

Mkweo,
Osea


Tunduma, Jumatatu, 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulimi umepata nafuu. Uji nilioleta asubuhi nilitia maziwa mengi makusudi. Mimi niko salama, nimekula mkate.

Nilitia kumi na mbili. Ni pilipili kichaa, nilizitwanga na kitunguu saumu. Felix aliniambia zamani, "Baba bila pilipili hali, Mama alikuwa anatia kila siku," na kwa kuwa jana ilikuwa mara yangu ya kwanza kukuchinjia kuku, nikasema nisionekane mchoyo. Hazikuvuka mpaka, Baba. Zimetoka kwenye mche ulio nyuma ya jiko. Mbegu aliileta wifi yangu Roda kutoka bustani ya Mama, huko huko Kafule.

Chakula sikukimwaga. Kuku nilimlea mwenyewe toka kifaranga, siwezi kumtupa jalalani mbele ya majirani. Jana jioni, kabla sijasoma barua yako vizuri, niliongeza maji. Nikaonja, nikakaa chini. Halafu nikatia viazi vitatu, maana nimesikia viazi vinanyonya. Vimenyonya kweli. Sasa tuna kuku mkali na viazi vikali.

Nikaongeza nyanya na sukari kijiko kimoja. Imekuwa tamu kwanza halafu inakupiga baadaye, ni mbaya zaidi kwa sababu mtu anaiamini.

Kama unajua dawa, nifundishe.

Mkweo,
Ketrina


Tunduma, Jumatatu mchana

Mkwe wangu,

Marahaba. Uji ulikuwa mzuri na umeniokoa.

Kumi na mbili. Nimeisoma namba hiyo mara tatu. Kuhusu mbegu, sitabishana, lakini udongo wa Tunduma una lake.

Sikiliza, nilisoma haya miaka mingi iliyopita, na nimeyaamini bila kuyajaribu, kama watu wengi wanavyoziamini dini zao. Ukali wa pilipili unashikamana na mafuta, haushikamani na maji. Kwa hiyo usiongeze tena maji. Chota mchuzi wote unaoelea, hasa yale mafuta mekundu ya juu, uweke pembeni. Kosha kuku na viazi kwa maziwa ya moto, umwage maziwa hayo. Halafu anza mchuzi mpya usio na pilipili hata moja, utie kitu chenye mafuta yake mazito. Pwani wangetia nazi. Sisi nazi tunaiona kwenye malori tu. Tia karanga. Mwisho kamua limau, kidogo, moto ukiwa umezimwa.

Usitie sukari tena. Sukari ni siasa, inaahirisha.

Na usiandike tena kwamba umekula mkate. Mtu aliyepika kuku hali mkate.

Mkweo,
Osea


Tunduma, Jumanne, 7 Mei

Baba,

Shikamoo. Vipi leo? Sijakusikia ukitoka kuota jua, nikaona nianze kwa kukuuliza hilo kabla ya mambo ya chungu. Mimi nimechoka lakini ni uchovu mzuri.

Nilikwenda sokoni kutafuta karanga. Mama mmoja wa Nakonde, anayevuka kila siku na beseni lake, aliniuliza za kazi gani. Nikamweleza. Akawaita wenzake watatu wasikilize.

"Kumi na mbili?" akasema. "Kwa baba wa mumeo? Mama, si ungemwambia tu aondoke?"

Walicheka hadi wateja wakasimama. Halafu akanipimia nusu kilo, akaongeza kiganja kimoja cha bure, akasema kwao mboga ya karanga wanaiita ifisashi na hata mtoto aliyeota jino moja anakula. Akanionya nizitwange ziwe kama unga, nisizitie zote kwa pamoja zitaungua chini.

Nimefanya kama ulivyoandika na kama yeye alivyosema. Maziwa nusu lita yamemwagwa yakiwa mekundu kama chai ya rangi. Mchuzi mpya umekuwa mzito, una rangi ya udongo wa Mlowo. Nimeonja mara tano. Bado pilipili ipo, ila sasa inabisha hodi, haivunji mlango.

Tatizo jingine, Baba. Kila dawa imekuza chungu. Kuku mmoja, viazi, nyanya, karanga, sasa ni chakula cha watu kumi, na nyumba hii ina watu wawili ambao hawaonani. Nimewagawia majirani wa pande zote mbili. Walipokea wakarudisha bakuli, wakaniambia asante mama, basi. Nilirudi nikakuta chungu bado kimejaa nusu. Nikasimama hapo nikijiuliza ninampikia nani.

Kikapu kiko kigodani. Firigisi nimeiosha peke yake mara mbili.

Mkweo,
Ketrina


Tunduma, Jumanne jioni

Mkwe wangu,

Marahaba. Sikutoka kuota jua kwa sababu nilikuwa nasoma gazeti la mwezi uliopita kwa hasira.

Angalia hotipoti. Nimefuta hadi kona kwa ugali. Nimekula firigisi kwanza, kabla ya kukaa, nikiwa nimesimama kama mwizi. Usiwaambie wakwe zako wengine.

Umeuliza unampikia nani. Nimelifikiria swali hilo kuliko lilivyohitaji. Mimi niliwahi kujiuliza namwandikia nani. Miaka mingi nilikuwa nawaandikia wahariri, barua ndefu, juu ya bei ya kahawa, juu ya walimu wanaofundisha watoto tisini darasa moja. Zamani walizichapa. Siku hizi hawajibu hata kunikatalia. Hapa Tunduma kuna malori elfu, vipaza sauti vya makanisa manne, wapiga debe, na hakuna mtu wa kubishana naye. Nimekaa chumba hiki miezi minne, na barua yako ya Jumapili ndiyo ya kwanza kuniuliza jambo.

Kwa hiyo niandikie. Si lazima usubiri chakula kiharibike.

Mkweo,
Osea


Tunduma, Jumapili, 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya kumi na saba kwako, nimezihesabu kwenye daftari. Natumaini sweta niliyoacha kigodani inakutosha mabegani. Mimi mzima, nimefurahi leo, ndiyo maana naandika kabla hata sijafua.

Wiki zote hizi nimekupikia bila pilipili kabisa, na juzi uliandika kwamba chakula ni kizuri ila kimenyamaza, kwamba unakosa ile harufu ya Mama. Jambo hilo lilinikaa. Jana nikampigia Roda kule Mlowo, nikamkuta ghalani anapokea mahindi. Nikamwambia, wifi, nifundishe pilipili ya Mama, mimi ya kwangu iliua.

Akaniuliza, "Ulizitwanga?"

Nikasema ndiyo.

"Kumbe hukuambiwa. Mama hakuwahi kumtwangia Baba pilipili maishani mwake. Alikuwa anachuma moja tu, nzima, na kikonyo chake. Anaiacha ielee juu ya mchuzi, anasimama hapo hapo, kabla haijapasuka anaitoa na kijiko. Inabaki harufu. Alikuwa anasema, baba yenu anapenda pilipili iingie, hapendi imguse."

Tulicheka sana, Baba. Nikaona ni jambo zuri ajabu, na kwamba sasa nimeipata siri yenyewe. Leo nimejaribu kwenye maharage. Nimesimama, sikubandua macho, nimeitoa nzima. Funua polepole, uisikie.

Mkweo,
Ketrina


Tunduma, Jumanne, 4 Juni

Ketrina,

Nimeondoka na gari la asubuhi la Itumba, narudi Kafule. Ufunguo uko kwenye kigoda. Maharage ya juzi sikuyagusa. Sihitaji kusimuliwa habari za mke wangu na mtu aliyemwona mara mbili, tena siku ya harusi na siku ya mazishi.

Osea


Tunduma, Jumapili, 16 Juni

Baba,

Shikamoo. Naandika bila kujua unaendeleaje, na hilo ndilo la kwanza ninaloliuliza: unaendeleaje, unakula kwa nani, kifua kikoje na umande wa huko? Barua hii nampa mama anayeleta ndizi sokoni kutoka Kafule, amesema anapafahamu kwako.

Nilikosea kucheka. Sikufikiri ningekuumiza, nilidhani nakurudishia kitu. Nimeisoma barua yangu tena kwa kumbukumbu na nimeona ilivyosikika upande wa pili.

Lakini kuna mengine yametokea, lazima uyajue. Baba mdogo Watson amempigia Felix. Amemwambia mzee amerudi kijijini amekonda, hasemi na mtu, na habari iliyoko huko ni kwamba mke wa Felix alimtia baba mkwe pilipili kumi na mbili makusudi ili ahame. Ile hadithi ya sokoni imepanda mlima hadi kwenu na imefika imebadilika. Watson amesema wazee watakaa baada ya ibada, Jumapili ya kwanza ya Julai, kulizungumza.

Felix alinipigia kutoka barabarani. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Nikifika nikute Baba yupo. La sivyo, nikukute kwa mama yako."

Kwa mama yangu Ihanda kuna kaka zangu wawili na wake zao katika vyumba vitatu. Sina pa kwenda, Baba, na hata kama ningekuwa napo, ningekwenda na jina hilo. Wewe peke yako ndiye unayejua ilivyokuwa. Tafadhali sema.

Mkweo,
Ketrina


Tunduma, Jumapili, 30 Juni

Baba,

Shikamoo. Mama wa ndizi ameniapia kwamba alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani.

Wiki mbili. Sikuandiki kwa upole leo, utanisamehe. Uliniambia umewaandikia ofisi ya kiinua mgongo barua kumi na tisa kwa haki yako. Uliniambia uliwahi kusimama kanisani, mbele ya waumini wote, ukimtetea mwalimu aliyesingiziwa. Niliisoma barua hiyo mara nyingi, nikajiona nina bahati kuwa na mzee wa aina hiyo nyuma ya ukuta wangu. Sasa aliyesingiziwa ni mimi. Na aibu yako ya mchuzi imekuwa kubwa kuliko mimi.

Felix yuko Nakonde, anasubiri karatasi za mzigo. Atavuka wiki hii inayoanza. Nguo nimeshakunja.

Ketrina


Kafule, Jumatatu, 8 Julai

Mkwe wangu Ketrina,

Salamu zangu zikufikie kabla ya kitu kingine, na kama bado una shikamoo ya kunipa, nitaipokea kwa kichwa kilichoinama. Mimi ni mzima. Umande wa huku ni mkali lakini tumezoeana. Kunjua nguo. Nitaeleza, ila kwanza kunjua.

Niliondoka Tunduma ili nije kuthibitisha kwamba Roda ni mwongo. Huo ndio ukweli. Nilifika, nikafungua jiko la mama yenu. Nilikuwa sijawahi kuingia humo, mkwe wangu. Miaka thelathini na nne nilikuwa naishia mlangoni. Nikachuma pilipili moja, moja tu, nikaitwanga, nikapika maharage, nikala. Sikufika kijiko cha tatu.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizika. Mwezi wa kwanza wa ndoa, ndugu zangu walikuja kula, mama yenu alikuwa ametia pilipili kama walivyomfundisha kwao. Machozi yalinitoka mbele yao wote. Nikasema ni moshi. Niligomba kweli juu ya moshi ule, nikadai jiko lihamishwe, na likahamishwa. Tangu siku hiyo hakuna pilipili iliyonigusa tena, na mimi nikatangaza nchi nzima kwamba mimi ni mtu wa pilipili. Hakunisahihisha hata siku moja. Sijui kama alikuwa ananihurumia au ananicheka. Ningetoa chochote nimwulize.

Nikajaribu ile ya kuelea. Mara ya kwanza nilikuwa nasoma, ikapasuka. Mara ya pili nilitoka kumjibu mtu aliyepita barabarani, ikapasuka. Mara ya tatu nilisimama. Kusimama huko ndiko kunakonishinda kueleza. Ukiiangalia pilipili huwezi kufanya kitu kingine chochote, huwezi kusoma, huwezi kubishana, ni wewe na chungu. Nilisimama kama robo saa, nikaitoa, nikala peke yangu. Chakula kilikuwa na ile harufu yake. Baada ya hapo nikalala siku nzima.

Barua zako zote mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu ya kwanza ilinitaka niseme jambo ambalo nilikuwa sijajiambia mwenyewe. Ya pili ilikuwa na haki kila mstari. Sijawahi kushindwa kwa hoja namna ile, na nimeshindana na watu waliosoma.

Jana baada ya ibada walikaa kwa Watson, wazee tisa. Watson akaanza, "Kaka, tumekutana juu ya huyu binti aliyekufukuza." Nikamwambia akae, nitaanza mimi. Nikasema yote. Kwamba ulinichinjia kuku wako mwenyewe. Kwamba ulitia kumi na mbili kwa sababu uongo wangu ulikufikia kupitia mwanangu. Kwamba ulikihangaikia chungu kile siku tatu hadi kikalika, na kwamba mimi, Osea, sili pilipili na sijawahi kuila.

Nilitegemea mshangao. Nikaona Watson anaangalia chini, mabega yanamtikisika. Kumbe anacheka.

"Kaka," akasema, "sisi tunajua. Zile alizokuwa anazitoa kwenye chungu chako, shemeji alikuwa anatuletea sisi kwenye kisosi. Tulikuwa tunaumia kwa ajili yako."

Wazee wote tisa walijua. Kafule yote ilijua. Wamenifichia miaka yote hiyo, na mimi nikiwaona wao ndio wajinga.

Sikugombana. Nilimwambia Watson ampigie Felix pale pale, kwa sauti ya wote kusikia, na kupitia kwake amwombe radhi mke wa mwanangu kwa kumtaja jina. Amefanya hivyo. Na mimi nimechukua simu nikamwambia Felix kwamba akikupeleka kwa mama yako, anipitie na mimi, tupangiwe chumba huko huko Ihanda.

Sasa la mwisho. Nimepigana na kila kitu isipokuwa mila hii ya kujificha, nami nimejiuliza kwa nini. Jibu halinipendezi. Iliniwezesha kula bila kumtazama machoni mtu aliyepika. Nimeamua kuiacha. Jumamosi, tarehe ishirini, nitashuka Tunduma na gari la saa nne. Nataka ufungue geti wewe mwenyewe, tusalimiane kwa mikono, tule meza moja kama watu. Wazee wakilalamika, nitawajibu mimi. Nina nguvu tena.

Mkweo,
Osea


Tunduma, Alhamisi, 11 Julai

Baba,

Shikamoo, tena mbili, ya leo na ya kufidia lile "Mkweo" nililokunyima mwisho wa barua ya Juni. Nimefurahi kwamba umepona. Nguo nimezikunjua, nimezifua upya kwa kuwa zilishika harufu ya begi.

Felix alifika Jumatatu na kuondoka leo asubuhi na shaba ya kupeleka Dar es Salaam. Aliniletea vitenge viwili, akasema, "Yale mambo yameisha, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Alilala sana, alikula, aliangalia mpira. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikawa nasubiri atulie, na alipotulia akasinzia. Si mtu mbaya, Baba. Ni barabara ndiyo inayoishi naye, mimi ananipitia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ile ya wazee tisa nilicheka hadi nikashika meza, halafu nikalia kidogo kwa ajili ya Mama.

Ila geti sitafungua. Usikasirike, nisikilize hadi mwisho. Najua unanipa kitu kikubwa, na ungenipa Januari ningekipokea kwa mikono miwili. Sasa nakiogopa. Nikikuona uso, nitapiga goti, nitainamisha kichwa, nitasema ndiyo Baba, hapana Baba, na nitaishia hapo. Nimeolewa miaka sita, najua ninavyokuwa mbele ya watu. Kwa karatasi nimekufokea. Nimekufundisha. Nimekuambia kwamba nyumba hii ni kubwa mno. Hakuna mtu mwingine aliye hai ambaye nimewahi kusema naye hivyo, na nimeweza kwa sababu kuna mlango kati yetu. Wewe umeichoka mila kwa sababu ilikuficha. Mimi nimeipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo njoo Jumamosi ile na gari la saa nne. Geti nitaliacha wazi. Mimi nitakuwa jikoni, mlango nimeufunga. Chumba nimekipaka chokaa. Nimenunua kaunta buku mbili, yale madaftari makubwa ya jalada gumu, moja yako, moja yangu. Ya kwangu nimeshaanza. Kuanzia ukurasa wa kwanza nimeandika habari za mimba iliyoharibika mwaka juzi, ilikuwa miezi mitano, Felix alikuwa Lubumbashi. Yeye anaijua kwa sentensi moja niliyomwambia kwenye simu. Wewe nimekuandikia kurasa sita.

Nitaiweka kwenye kigoda pamoja na kikapu. Kula kwanza, Baba, ndipo usome.

Mkweo,
Ketrina